Deni la paking usilolijua: nani athibitishe, mwenye gari au anayedai?

Wakuu habari za mchana, naomba tulijadili hili kwa utulivu maana limenikaa rohoni wiki ya pili sasa.

Gari yangu, IST, ilikuwa gereji Tabata siku tatu nzima, giaboksi imeshushwa chini, mbele imekaa juu ya magogo. Siku naenda kuitoa nikacheki deni la paking kwenye simu, nakuta nadaiwa paking ya masaa manne Kariakoo, tarehe ileile ambayo gari haikuwa na uwezo hata wa kusukumwa. Saa moja ni 500, mtaniambia hela ndogo, ila faini ikishapanda juu yake sio ndogo tena. Nikaenda ofisi ya paking na risiti ya fundi, dada wa dirishani hata hakuishika, akaniambia kaka lipia kwanza hiyo kontrol namba deni lisije likaongezeka, malalamiko utaandika baadaye.

Sasa naulizeni, deni likiwa na utata nani athibitishe? Mimi nasema anayedai. Katiba yetu ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa, na haijaishia mahakamani tu, imetaja na chombo kingine chochote kinachohusika. Trafiki akikuandikia faini unaweza kukataa kosa ukaenda kwa hakimu. Huku kwenye paking nani atapoteza siku ya kazi aende mahakamani kwa 2,000? Hakuna picha ya gari, hakuna deni, huo ndo msimamo wangu.

*

Pole mleta mada, ila na sisi tusikilizwe. Hiyo kazi ya kudai hela za paking nimeifanya miezi minane Posta. Mtu anatoka dukani anakuta karatasi kwenye waipa, anaikunja anaitupa mtaroni mbele ya macho yako, mwezi ujao anakuja juu kwamba hakuwahi kupaki pale. Wengine wanatundika kitambaa kwenye namba kabisa. Ukisema kila anayebisha afutiwe, hakuna atakayelipa mjini hapa. Makosa yapo sikatai, jua la saa nane kioo cha kimashine hakionekani, unabonyeza namba kwa kukisia, 8 inakuwa 3, unaendelea na gari inayofuata.

*

Mimi nilinunua Noah kwa mtu, kufika kubadilisha umiliki nikakuta madeni ya miezi ambayo hata sijui gari ilikuwa mkoa gani. Nikalipa yote, ningefanyaje na mimi gari naihitaji. Wakuu kabla hujatoa hela ya gari kacheki namba kwanza.

*

Mleta mada tena hapa. Ndugu yangu wa Posta nakushukuru sana, na kazi ya juani naiheshimu, ila si umeona mwenyewe umeimaliza kesi yangu? Kama namba inabonyezwa kwa kukisia basi mahali fulani kuna mtu mwenye gari inayofanana namba na yangu kasoro tarakimu moja, yeye hajadaiwa na mimi ndo nabeba. Picha ingemkamata yule anayetupa karatasi mtaroni na ingeniokoa mimi, wote wawili kwa mpigo. Sijasema kila anayebisha afutiwe, nimesema aonyeshwe ushahidi, na wakati anasubiri kuonyeshwa hiyo faini isimame isiendelee kupanda, maana sasa hivi ukilalamika ndo unazidi kudaiwa, kwa hiyo watu wanalipa kwa woga na sio kwa sababu wanadaiwa kweli.

Leo asubuhi nimepeleka barua, nimeomba picha ya gari iliyopakiwa Kariakoo siku ile na jina la mtaa, nimebandika na risiti ya fundi. Kopi yangu nimehakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nyie mkienda msikubali kuondoka bila huo muhuri. Hela sijalipa.