London kwenda Plymouth kwa treni, dhoruba inakuja: nipite wapi?

Mama Nuru
Habari zenu wakuu. Nina intavyuu Plymouth Jumanne saa nne asubuhi, natokea London, na utabiri unasema upepo mkali wa mashariki kuanzia Jumatatu usiku. Nasikia pale Dawlish reli inapita ufukweni kabisa na mawimbi yakipiga treni zinasimamishwa. Kwa kawaida ni masaa mangapi? Na hii treni ya stesheni ya Waterloo inayopita Salisbury naona kwenye ramani haigusi bahari, si bora nipande hiyo?

Mzee wa Behewa
Dada, kutoka stesheni ya Paddington hapo London mpaka Plymouth ni masaa matatu na kitu kama mambo yako sawa. Ya Waterloo inakufikisha Exeter tu, tena kwa masaa matatu na zaidi, na ukifika hapo unakutana na reli ileile. Inasaidia tatizo likiwa kabla ya Exeter, kama mafuriko ya Somerset mwaka 2014. Ukishapita Exeter njia ni moja tu: Dawlish, Teignmouth, Newton Abbot, ndo Plymouth.

Kipepeo88
Na sio hofu za bure. Njia ile ya mhandisi Brunel iko ukingoni mwa bahari tangu 1846. Februari 2014 bahari ilibomoa ukuta pale Dawlish, udongo ukasombwa, reli zikabaki zinaning'inia hewani, ikafunguliwa tena 4 Aprili. Sasa hivi wamejenga ukuta mpya mrefu zaidi, juu umejikunja kurudisha wimbi baharini, ulikamilika 2023 na ni kazi nzuri kweli, lakini mbele kidogo kuelekea Teignmouth kuna majabali juu ya reli na hayo bado yananipa wasiwasi.

Mama Nuru
Na njia ya Okehampton, ile ya bara isiyopita Dawlish, je? Nimesoma treni zimerudi.

Mzee wa Behewa
Zimerudi tangu Novemba 2021 ila zinaishia hapohapo, kipande cha kuunganisha na reli ya Plymouth, mpaka Bere Alston kupitia Tavistock, kilifungwa 1968 na reli zikang'olewa. Wapo wanaosema hata ikijengwa upya itachelewesha watu, maana treni ya London kwenda Cornwall, mbele ya Plymouth, ingebidi igeuze uelekeo Exeter na tena Plymouth, dereva atoke kichwa hiki aende kile. Ni kweli dakika zitaongezeka, lakini mimi nasema ijengwe, kuchelewa kidogo siku ya dhoruba ni afadhali kuliko Cornwall nzima na Plymouth kukaa miezi miwili bila reli.

Fundi Tenga
Mama Nuru, nenda Jumatatu mchana ulale huko. Usiangalie upepo peke yake, angalia na saa za maji kujaa, kama ni bamvu (maji kujaa kupita kawaida) na upepo wa mashariki ndo balaa lenyewe. Wakati mwingine wanaacha reli ya upande wa bahari na kupitisha treni zote kwenye ile ya ndani, foleni inakuwa ndefu. Halafu epuka treni aina ya Voyager za kampuni ya CrossCountry, maji ya chumvi yakimwagikia vifaa vya umeme juu ya paa zinazima, kwa hiyo mara nyingi ndo za kwanza kukatishwa.

Mama Nuru
Asanteni sana, nabadilisha tiketi leo. Wakifunga nikiwa tayari Exeter?

Fundi Tenga
Wanaleta mabasi, yanapita barabara ya A38. Ulizia la moja kwa moja mpaka Plymouth, linaloingia kila stesheni litakula muda wako.