Mzee wa kanisa anataka nisaini mzigo ambao haujafika

Mshika Leja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naandika usiku huu kwa sababu kesho kutwa kuna mzigo mwingine unakuja, na sijui mkono wangu utaandika nini.

Mimi ni mtunza stoo katika kituo cha afya. Gari likifika nahesabu, nalinganisha na agizo, nasaini hati ya kupokelea, naingiza kwenye leja. Uhasibu hawalipi mpaka waone saini yangu. Miezi mitatu iliyopita zililetwa glavu. Hati inasema katoni 40, mimi nahesabu 26. Nikarudia kuhesabu, 26. Nikampigia bosi wa manunuzi, akanijibu kwa upole kabisa: "Saini tu, mdogo wangu, zilizobaki zinafuata." Nikasaini 40. Hazikufuata mpaka leo. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo kwenye maji ya dripu, na safari hiyo hata simu sikupiga.

Wiki iliyopita muuguzi mmoja alikuja dirishani na fomu ya kuombea vifaa. Kwa mujibu wa leja, glavu zipo za kutosha. Rafuni limebaki boksi moja, tena limechanika kona. Akaitazama leja, akanitazama mimi, hakusema kitu. Akachukua lile boksi akaondoka. Ningefurahi kama angefoka.

Yanayonifunga ni mawili. Kwanza, bosi huyu ni mzee wa kanisa letu. Mke wangu alipojifungua kwa shida mwaka huu, yeye ndiye aliyekesha nami kwenye benchi akiomba. Pili, na hili naona haya kulisema: mwaka jana nilitegemea kupandishwa cheo, akapendekeza mtu mwingine. Basi kila nikipiga magoti kuomba ujasiri, kuna sauti inaniuliza, ni Roho Mtakatifu anayekusukuma au ni kinyongo?

Ndugu mmoja kanishauri Mathayo 18, nimwendee kwanza tukiwa wawili tu. Lakini saini zote ni zangu. Yeye hajaandika popote.

Dada Mwombaji

Pole sana kaka yangu. Mimi ningefunga kwanza hata siku tatu. Neno linasema "msiwaguse masihi wangu." Daudi alimkuta Sauli pangoni, angeweza kummaliza, lakini alikata upindo wa vazi tu, na hata hapo moyo ukamchoma. Mwachie Mungu apigane. Na una mtoto mchanga, usisahau hilo.

Mkaguzi Mstaafu

Dada, kwa heshima zote, endelea na sura hiyo hiyo, 1 Samweli 24. Daudi alikataa kumuua Sauli. Hakukataa kusema. Alitoka pangoni akamwita mfalme kwa sauti, akamwonyesha kile kipande cha vazi mkononi mwake. Sisi kwenye kazi yetu kile tunakiita kielelezo.

Sasa kijana wangu. Nimepekua vitabu vya watu zaidi ya miaka thelathini, na wengi niliowakuta na hatia mezani walikuwa watu kama wewe: siyo waliokula, ni waliosaini. Kwa hiyo nisikilize vizuri.

Mathayo 18:15 inaanza na "ndugu yako akikukosa." Hapa aliyekosewa si wewe. Ni mgonjwa, na yule muuguzi. Ukimwendea bosi faraghani, unampa wiki nzima ya kupanga karatasi, na zikishapangika zitakuelekea wewe. Mpende, mwombee, ikibidi nenda kamsalimie. Ila ushahidi usiuanzie kwake.

Kuhusu kinyongo, hujakosea kujihoji. Lakini soma habari za Doegi Mwedomi, 1 Samweli 22. Alichomwambia Sauli hakikuwa uzushi: alimwona kuhani Ahimeleki akimpa Daudi chakula na upanga wa Goliathi. Na kwa maneno hayo makuhani 85 waliuawa siku moja. Kisha soma Esta 2. Mordekai naye alipata habari, njama ya walinzi wawili wa mlangoni dhidi ya mfalme, akaipitisha kwa Esta. Jambo likachunguzwa, likaonekana ni kweli, likaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu. Doegi alipeleka habari kwa mtu mwenye hasira aliyekuwa anatafuta wa kumuua. Mordekai aliipeleka mahali inapochunguzwa kabla ya kuhukumiwa. Nia ya Mordekai hatujaambiwa, na huenda si bahati mbaya.

Wewe huwezi kuusafisha moyo wako mpaka ung'ae kabla ya keshokutwa. Unachoweza ni kuripoti kitu ambacho kinyongo hakiwezi kukipotosha. Andika "26." Usiandike "mwizi." Siku ukiandika "mwizi," hapo ndipo ule mwaka wa cheo unakuwa umeshika kalamu.

Gari likija, usihesabu peke yako. Mwite mtu wa pili, dereva awepo, idadi halisi iingie kwenye nakala zote na dereva asaini. "Kwa vinywa vya mashahidi wawili" haikuandikwa kwa ajili ya mahakama tu. Paulo mwenyewe alipopeleka changizo la makanisa hakukubali kulibeba bila wenzake, soma 2 Wakorintho 8. Halafu andika maelezo ya zile saini mbili za nyuma, na upeleke kwa mkaguzi wa ndani au kamati ya ukaguzi ya bodi, yaani mtu asiyeripoti kwa bosi wako. Hati halisi zibaki ofisini. Wengi huzibeba nyumbani kwa nia njema, na kesi inageuka kuwa yao.

Cynthia Cooper alikuwa mkuu wa ukaguzi wa ndani wa WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 2002. Mkuu wa fedha alimwomba aahirishe ukaguzi. Hakuahirisha. Yeye na timu yake walifanya kazi usiku, kisha akaenda kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi, na mwezi Juni kampuni ikakiri kuwa dola bilioni 3.8 zilikuwa zimeandikwa kinyume na ukweli. Naye alikuwa mama mwenye watoto nyumbani.

Nilishapita Hapo

Mzee kasema vizuri, ila niongeze upande ambao haupo kwenye hati.

Mimi nilisema. Nilikuwa na haki, na uchunguzi ulithibitisha. Hata hivyo nilikaa miezi kumi na moja bila kazi. Kiongozi wa kwaya aliacha kunipa mkono. Mchungaji alikuja mara moja, akaomba kwa maneno ya jumla, akaondoka mapema. Aliyekuja kila wiki ni jirani ambaye hata kanisani haendi, alikuwa ananiletea magazeti yenye nafasi za kazi, amezizungushia kalamu nyekundu. Mungu ana watu wake, ndugu yangu, lakini usitegemee watakuwa wale uliowazoea.

Kitu ninachojuta si kusema. Nilimficha mke wangu. Nilijiambia namkinga. Akaja kujua siku barua ya kunisimamisha ilipofika nyumbani, na yeye ndiye aliyeipokea. Hilo limechukua muda mrefu kupona kuliko kazi. Mwambie wako leo, kabla ya gari.

Mshika Leja

Nimerudi. Asanteni wote, na wewe dada. Nilifunga siku moja, sikuweza tatu.

Nilimwambia mke wangu jana usiku. Nilitegemea atalia au ataniambia ninyamaze kwa ajili ya mtoto. Alikaa kimya akimnyonyesha, halafu akauliza, "Siku ile najifungua, aliyempokea mtoto alikuwa na glavu?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa kwenye benchi nje, naombewa.

Gari limekuja saa nne asubuhi. Karatasi inasema katoni 50. Nilimwita fundi wa umeme aliyekuwa anapita, tukahesabu wote mbele ya dereva: 31. Nikaandika 31. Mkono ulitetemeka mpaka ile 3 ikafanana na 8, ikabidi niandike na kwa maneno pembeni. Dereva alitoka nje na simu, akazungumza muda mrefu, akarudi akasaini bila kunitazama.

Tangu hapo bosi amenipigia mara nne. Ya tano nikapokea. Aliuliza tu, "Mama na mtoto hawajambo?" Nikasema hawajambo. Akasema tutaonana Jumapili.

Mkaguzi wa ndani ataniona Jumatatu saa tatu. Nimekaa na maelezo hapa, ukurasa bado mweupe. Swali kwa mzee wetu: nianze na ile simu yake, au na saini yangu?

Mkaguzi Mstaafu

Saini yako. Tarehe, hati inasema ngapi, ulihesabu ngapi, uliandika ngapi. Simu iweke aya ya pili, na maneno yake yaandike kama alivyoyasema, hata ule upole.