Kilimia: je, kuna anayelitumia jina hili Lubumbashi?

Mkazi wa Katuba:
Ndugu zangu, tangu utotoni nimekuwa nikiliona lile fungu la nyota zilizobanana kama mbegu zilizomwagika mahali pamoja, ambalo mwezi wa Novemba huchomoza mashariki, kaskazini kidogo, mara giza linapoingia. Nyumbani tuliziita "nyota ndogo ndogo" tu. Juma lililopita, nikitafuta neno lingine katika kamusi, nilikutana na "kilimia", na maelezo yake yalikuwa ya fungu hilo hilo. Je, kuna mtu wa hapa aliyelisikia jina hili, au ni la watu wa pwani peke yao?

Mwalimu mstaafu, Kamalondo:
Jina linatokana na kitenzi "lima", na lina ndugu katika lugha nyingine za Kibantu: Waxhosa wa Afrika Kusini husema isiLimela, na mwezi wao wa Juni umepewa jina hilo kwa sababu ndipo fungu linaporudi kuonekana alfajiri, baada ya kufichwa na mwanga wa jua mwezi wa Mei. Methali husema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Pwani, ambako Mei ni masika, huzama kwa mvua. Kwetu Katanga mvua huwa zimekwisha, kwa hiyo huzama katika ukavu na kuzuka katika ukavu, tena wakati wa baridi. Tusiitumie methali hiyo kama kalenda yetu. Jina lenyewe, hata hivyo, linatufaa kabisa, maana fungu likichomoza jioni, majembe yamekwisha kuingia shambani.

Mama mkulima, barabara ya Kipushi:
Mwalimu, nakubaliana nawe, ila mwenye kuamua siku ya kupanda mahindi ni mvua. Novemba mawingu huzifunika nyota hizo usiku mwingi, na anayezingojea atachelewa. Marehemu mama mkwe wangu alizitazama kila mwaka, lakini jina hilo sikulisikia kinywani mwake.

Mkazi wa Katuba:
Asante mwalimu, asante mama. Jana usiku umeme ulipokatika mtaa mzima, na mbingu zilikuwa safi, niliwatoa watoto uani. Mimi nilihesabu nyota sita, binti yangu akasisitiza kuwa ni saba. Nimewafundisha kuliita Kilimia.