Kivuko cha reli kisicho na geti wala taa: kibao cha X pekee chatosha?

Wadau, nalileta hili kwa sababu halinitoki rohoni. Nilitoka Malindi kwenda Mariakani kumjulia hali shangazi, na mwisho wa safari nikachukua bodaboda. Kwenye njia ya vumbi inayokata reli ya zamani, kijana alipita bila hata kupunguza mwendo. Kibao cha X kilikuwapo. Wekundu wake umechujuka hadi kuwa waridi, kichaka kimefunika nusu ya chini, na kwenye nguzo pamebandikwa picha ya mgombea. Nikamuuliza, "Ile alama yasemaje?" Akajibu, "Yasema kuna reli." Basi. Kwamba pale atakiwa afanye nini, hakuna aliyemwambia.

Mimi nasema pasipo geti wala taa, kibao kitoe amri: SIMAMA. Marekani, kanuni za alama za barabarani za mwaka 2009 zilitaka vivuko vya namna hii vyote viwekewe kibao cha "simama" au "toa njia" pamoja na X, na mwisho wa kutekeleza ukawa Desemba 31, 2019.

Tusiwalaumu madereva peke yao, maana macho hudanganya. Sisi wa pwani twaijua meli ikikujia uso kwa uso: waiona kama imetia nanga, ukigeuka kidogo ishafika. Treni ni hivyo hivyo. Na ya mizigo, ikienda kilomita 88 kwa saa, yahitaji kilomita 1.6 au zaidi kusimama hata breki zote zikifungwa. Dereva wake akikuona relini, kilichobaki ni honi.

Dereva wa matatu, Malindi: Kaka, nakuheshimu, lakini vibao vya kusimama viko hapa mjini na nani asimama? Nikisimama, wa nyuma anigonga. Shida ni sisi, watu wakamatwe. Na msikimbilie geti. Geti lina mlinzi, na mlinzi akisinzia lango likiwa wazi, utapita ukiamini uko salama. Heri pale unapojua hakuna anayekulinda.

Mama wa mji wa Hindi, Lamu: Wanangu, mwazungumzia reli iliyopo, mimi naiwaza ijayo. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na reli na barabara za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012, gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021, reli bado. Ikija, itakata njia za ng'ombe na mikokoteni ya punda. Punda hasomi X, na watoto wetu wengi hawajaona treni kwa macho. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ya 2017 ilijengwa juu ya matuta na madaraja, barabara zikapita chini au juu yake. Kwa nini Lamu tupewe kibao?

Mleta mada: Mama, hapo sina la kupinga. Michoro ikiletwa barazani, swali la kwanza liwe hilo lako, kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.

Kaka dereva, la mlinzi nimelipokea, ni kweli tupu. Ila kukamata kwaja baada ya mtu kujua. Katika alama za kimataifa, pembetatu yenye picha ya uzio yasema mbele pana geti. Yenye picha ya garimoshi yasema mbele hapana geti. Waulize wenzako stendi wangapi wajua tofauti hiyo, uturudishie jibu hapa. Na kabla ya amri wala faini, kile kichaka kikatwe, picha ya mgombea ibanduliwe, X ipakwe rangi upya. Hiyo ni kazi ya panga moja na kopo la rangi, na shangazi yangu anavuka pale kila siku akienda kuteka maji.