Majani ya zambarau ya kutambaa mbele ya ukuta: nichague lipi?

Mgeni_Kinyerezi
Wakuu habari za jioni. Nyumba imekwisha, pevingi imewekwa, kimebaki kipande cha udongo kati ya pevingi na ukuta wa fensi: urefu mita 8, upana mita 1.5. Ukoka sitaki, kufyeka kila mara sitaweza. Muuza miche kanionyesha majani ya zambarau aina tatu: la zambarau tupu lenye majani marefu, la mistari ya fedha, na jingine fupi lenye majani yaliyokunjamana. Ijumaa natakiwa nimlipe. Sijawahi kupanda hata ua moja. Lipi bora, na nilipambe na nini?

MamaMiche
Bora wapi, mwanangu? Hujasema jua linapiga saa ngapi, udongo ukoje, maji unatoa wapi, wala kama una mbwa au watoto wadogo. Usimlipe mtu kabla hujajibu hayo.

Pingili
Zambarau tupu, mkuu. Jina lake la kitaalamu ni Tradescantia pallida, kwao Mexico, na ukame linauvumilia. Jua kali ndilo linaloikoleza rangi yake. Ukiliweka kivulini linageuka kijani-kijani na mashina yanarefuka yakitafuta mwanga. La mistari ni Tradescantia zebrina, la kivulini hilo. Lililokunjamana ni Hemigraphis, linataka kivuli chepesi na unyevu.

Halafu usinunue miche ya eneo zima! Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 30 unahitaji vipande kama 130. Nunua miche 20, kila mmoja ukate vipande sita au saba vyenye pingili mbili tatu, uvichomeke moja kwa moja kwenye udongo wenye unyevu. Mizizi inatokea pale kwenye pingili. Subiri vuli ianze Oktoba, mvua ikusaidie kumwagilia.

DadaTegeta
Sikiliza yaliyonikuta. Nilimwambia fundi bustani nataka zambarau, akaniletea miche 200 ya ile ya mistari, nami nikalipa kwa kuwa ilikuwa inapendeza kwenye viriba. Ilikuwa Januari. Akaipanda yote mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua tangu saa sita mchana, akamwachia kijana kazi ya kumwagilia, na kijana akawa anamwagilia saa saba kwa maji ya kisima chetu ambayo yana chumvi. Ndani ya wiki mbili majani yamekauka pembeni, rangi imepauka kama nguo iliyoanikwa mwaka mzima. Nililia, kwa kweli. Hela ile nilikuwa nimeidunduliza.

Mama mkwe alipokuja akaing'oa nusu kwa mikono yake, akaihamishia chini ya mwembe. Masika ilipopita ilikuwa imefunika shina lote, nzuri hasa. Ila mikono ilimwasha siku tatu kwa ule utomvu. Vaeni glovu. Na mabaki msiyatupe ovyo: tuliyoyatupa nyuma ya fensi yaliota yote, mpaka jirani akaja kulalamika.

Pingili
Pole sana dada. Lakini kosa hapo si la mmea, ni kupandwa mahali pasipo pake.

DadaTegeta
Ndiyo maana nimemsimulia kabla ya Ijumaa.

MzaliwaTanga
Mnasifia vya Mexico tu. Milima yetu ya Usambara ndiyo iliyowapa walimwengu yale maua madogo ya urujuani wanayoyapanga madirishani Ulaya. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire ndiye aliyeyapeleka kwao miaka ya 1890. Sisi wenyewe hatuyapandi.

MamaMiche
Ni kweli, na inauma. Ila yale yanataka baridi ya mlimani na kivuli chenye unyevu. Kuyaweka mbele ya ukuta Kinyerezi ni kuyaua.

MlaMatembele
Kwa nini asipande viazi vitamu vya majani ya damu ya mzee? Vinatambaa haraka, vinaziba magugu, na majani ni matembele, unachuma unapika.

Pingili
Vinapendeza, lakini ukichuma unabaki na vipara, na usipochuma vinapanda kwenye pevingi. Mimi nilivitoa.

MlaMatembele
Hukuvikata vizuri. Mimi vyangu vina mwaka wa tatu.

Mgeni_Kinyerezi
Asanteni wote. Jua linaanza saa sita hadi magharibi, isipokuwa kona moja kuna tawi la mwembe wa jirani. Udongo ni mwekundu, mvua ikinyesha maji yanasimama. Mbwa wapo wawili.

MamaMiche
Afadhali umesema. Maji yakisimama mashina yataoza, kwa hiyo inua tuta, changanya mchanga na samadi iliyooza vizuri. Juani weka zambarau tupu, kwenye kona ya mwembe weka ya mistari. Nyuma yake, ukutani, panda mchaichai. Kijani chake cheupe ndicho kinachoitoa zambarau ionekane. Peke yake, ukiiangalia kwa mbali, inafanana na udongo mweusi. Na chai unapata.

Mbwa ndio wanaonitia shaka. Wakilalia hayo majani, utomvu unawawasha ngozi ya tumbo.

DadaTegeta
Wa kwangu alijikuna mpaka manyoya yakatoka. Daktari wa mifugo akasema tumzuie tu asifike pale.

Mgeni_Kinyerezi
Sasa mmeniweka njia panda. Wangu wanalala palepale ukutani kila mchana.

MlaMatembele
Viazi.

MzaliwaTanga
Huo mwembe wa jirani ni dodo au bolibo? Kama ni dodo, matunda yatakupondea kila kitu hapo chini kuanzia Novemba.

Pingili
Mkuu, kabla ya Ijumaa njoo Tabata, nina vipande vya bure. Chukua kumi, panda, uwaangalie mbwa wako kwanza.