MJADALA: Anayechora data na anayeijua data, nani awe na neno la mwisho?

Mleta mada

Hamjambo wadau. Mtafiti wa taswira za data akishirikiana na muuguzi, mkulima au mhandisi wa maji, huyo mwenzake ni mshirika kweli, au ni mtu wa kuombwa data kisha asahaulike? Mimi nasema aketi mezani kabla rangi ya kwanza haijachaguliwa, na jina lake liwe kwenye makala.

Nilichora ramani ya visa vya kuhara katika wadi za mashariki ya Nairobi, kutokana na ripoti za kila mwezi za vituo vya afya. Visa vingi, wekundu uliokolea; visa vichache, waridi; pasipo na kisa, peupe. Nikaipeleka kwa muuguzi aliyehudumu huko miaka mingi. Wekundu hakuutazama. Aliweka kidole penye weupe akauliza, "Hapa ni sifuri, au ripoti haikuletwa?"

Nikafungua jedwali. Seli ilikuwa tupu, na programu yangu ilikuwa imeihesabu kuwa sifuri. Karani wa kituo kile alikuwa likizo ya uzazi. Rejesta zimejaa majina, hakuna aliyejumlisha. Wadi niliyoipaka rangi ya usalama ndiyo niliyokuwa siijui kabisa. Siku hizi pasipo na ripoti nachora mistari ya mshazari ya kijivu, na weupe naubakizia sifuri ya kweli.

Jambo hili si geni. Ramani ya kipindupindu ya London ya 1854 tunamsifia daktari John Snow. Lakini Henry Whitehead, kasisi aliyewajua watu wa mtaa ule nyumba kwa nyumba, naye mwanzoni hakuiamini hoja ya Snow kwamba ugonjwa ulienezwa na maji ya kisima cha mtaa huo, ndiye aliyegundua mtoto mchanga wa Broad Street nambari 40, anayedhaniwa kuwa mgonjwa wa kwanza: maji ya nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji taka lililokuwa karibu kabisa na kisima. Hata hapa kwetu, ramani ya njia za matatu iliyotolewa 2014 na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani haikuchorwa mezani tu. Wanafunzi walipanda matatu na simu mkononi, wakanasa vituo, hata vile visivyo rasmi.

Mdau, Ngara (mwanafunzi wa uzamili)

Mwalimu, kwa heshima zote, napinga. Nilimngoja mtaalamu wa mifugo miezi minne. Kila nikipiga simu yuko nyanjani. Tulipokutana, alichotaka ni grafu ya nguzo ya ripoti ya mfadhili. Msimamizi wangu akaniuliza, utafiti hapo uko wapi? Watafiti wa taswira za data Sedlmair, Meyer na Munzner waliandika mwaka 2012 kuhusu kazi hizi za kuchora data pamoja na wataalamu wa fani nyingine, wakataja hatua tisa na mitego 32. Mojawapo ya hatua za mwanzo kabisa ni kupepeta: unawachuja washirika kabla hujajifunga nao. Si kila mtaalamu anafaa kila mradi.

Na hilo la neno la mwisho ndilo linanitisha zaidi. Mtaalamu wangu alitaka nguzo zisianzie sifuri ili ongezeko dogo lionekane mlima. Ningekubali, ningekuwa nimedanganya watu kwa mkono wangu.

Mdau, Kayole (muuguzi)

Mwanangu wa Ngara, hapo kwenye nguzo ulifanya vyema, usirudi nyuma. Lakini nawe tuelewe. Mnakuja na kompyuta wakati foleni imefika mlangoni, mnachukua, hamrudi. Njoo baada ya zamu, na karatasi na penseli, nami nikuchoree ninachokitafuta kila Jumatatu. Dakika ishirini zinatosha. Ramani ikikamilika tuletee tuibandike ukutani.

Mleta mada, kuhusu jina: uliza kwanza. Wengine wetu tukionekana kwenye makala inayosema ripoti hazikutumwa, wakubwa watataka kujua nani aliitoa siri.

Mleta mada

Mama, hilo sikulifikiria, nami nalirekebisha: jina liwekwe kwa ridhaa yake, na asiyetaka asipoteze haki ya kusoma rasimu kabla haijatoka.

Ndugu wa Ngara, nakubali kwamba mahali nguzo inapoanzia ni dhamana ya mchoraji, wala haiuzwi. Ila maana ya seli tupu si yako wala yangu. Hapo neno la mwisho ni la aliyeishika rejesta, na hili siliachi. Na kama mtaalamu alitaka grafu ya nguzo tu, mchoree. Ni kazi ya alasiri moja, na huenda ndipo akakuonyesha swali gumu.

Linalobaki ni pesa. Maombi ya ufadhili niliyowahi kuyaandika yalikuwa na fungu la kompyuta, la safari na la makongamano. Saa za muuguzi hazikuwamo hata mara moja. Kuna mdau aliyewahi kuziweka kwenye bajeti zikapita? Aliziandikaje?