Rafu ya marejeo kuhusu mabadiliko ya tabianchi: je, ensaiklopidia ya zamani bado ina kazi?

Mkutubi wa Zamu

Habari zenu wanajukwaa. Nimekabidhiwa jukumu la kupanga upya rafu ya marejeo kuhusu mabadiliko ya tabianchi na mazingira ya dunia katika maktaba ya chuo, na ningependa ushauri wa watu wanaozitumia kazi hizi. Wasomaji wetu wanatoka fani mbalimbali, zikiwemo jiografia, kilimo, sheria na uandishi wa habari. Wengi huja wakihitaji jibu moja mahususi, kwa mfano bahari imepanda kwa kiasi gani au mkataba fulani ulianza kutumika lini, kisha huondoka.

Kuna mtu amejitolea kutupatia ensaiklopidia ya juzuu 5 iitwayo Encyclopedia of Global Environmental Change, iliyohaririwa na Ted Munn na kuchapishwa mwaka 2002. Baadhi ya wenzangu wanasema kitabu cha umri huo katika fani hii hakifai tena, na kwamba ripoti za Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, yaani IPCC, zinatosha kwa kuwa zinapatikana bure mtandaoni. Mimi naona hoja hiyo imetolewa kwa haraka. Je, ripoti hizo zinaweza kweli kuchukua nafasi ya ensaiklopidia? Kama haziwezi, nimwelekezeje msomaji ili ajue swali lipi alipeleke wapi?

Mpima Mvua

Ndugu Mkutubi, salaam. Ripoti za IPCC ndizo uti wa mgongo wa rafu ya aina hii, ila msomaji asiyejua zilivyojengwa anaweza kupotoka bila kutambua. Jopo hilo liliundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na halifanyi utafiti wake lenyewe, bali hukusanya na kupima tafiti zilizokwisha kuchapishwa. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1990, na ya sita ilitolewa kwa sehemu kati ya mwaka 2021 na 2023. Jopo lina vikundi kazi vitatu, na kila kimoja huandika juzuu yake: cha kwanza hushughulikia sayansi ya fizikia ya tabianchi, cha pili athari zake na namna ya kuzihimili, na cha tatu upunguzaji wa gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto la dunia lisitoroke. Mwanafunzi wa sheria anayetafuta habari za ushirikiano wa kimataifa katika juzuu ya kikundi cha kwanza, yenye zaidi ya kurasa 2,000, atapoteza siku nzima, kwa sababu habari hizo zimo katika juzuu ya kikundi cha tatu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni wasomaji kuishia kwenye muhtasari ulioandaliwa kwa ajili ya watunga sera. Muhtasari huo huidhinishwa mstari kwa mstari na wajumbe wa serikali, na hilo linaupa uzito mkubwa, lakini hauna nafasi ya kueleza kipimo kilipatikanaje wala watafiti wanatofautiana wapi. Ukiuangalia kwa makini utaona kwamba hoja zake zimefuatiwa na namba zilizowekwa ndani ya mabano. Namba hizo zinaonyesha sehemu za sura zinazobeba ushahidi, na msomaji afundishwe kuzifuata. Maneno ya uwezekano nayo yamewekewa vipimo: jambo likitajwa kuwa huenda litatokea, maana yake ni uwezekano wa asilimia 66 au zaidi, na likitajwa kuwa kuna uwezekano mkubwa sana, ni asilimia 90 au zaidi. Mwandishi wa habari asiyelijua hilo huyaona maneno yote mawili kuwa ni mashaka ya wanasayansi.

Halafu kuna suala la kipindi cha ulinganisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Ripoti ya nne, ya mwaka 2007, ilikadiria kwamba bahari ingepanda kwa mita 0.18 hadi 0.59 kufikia mwishoni mwa karne hii, ikilinganishwa na miaka ya 1980 hadi 1999, na ikaeleza wazi kwamba makadirio hayo hayakujumuisha mabadiliko ya haraka ya mtiririko wa barafu. Ripoti ya tano ilipima kuanzia kipindi cha 1986 hadi 2005, na ya sita kuanzia 1995 hadi 2014. Anayezipanga namba za ripoti hizo katika jedwali moja bila kutaja kipindi wala kilichoachwa nje, halafu akahitimisha kwamba wanasayansi wamebadili msimamo, analinganisha vitu visivyolingana.

Mzee wa Faharasa

Nakubaliana na Mpima Mvua kuhusu ripoti, lakini ninaitetea ensaiklopidia. Ripoti ya IPCC humchukulia msomaji kuwa tayari anajua mzunguko wa kaboni ni nini, na hujadili kile kilichogunduliwa tangu ripoti iliyotangulia. Haianzi mwanzo. Mwanafunzi wa sheria au wa uandishi wa habari anahitaji mahali pa kusoma, kwa kurasa chache zilizoandikwa na mtaalamu, kwa nini kabonidioksaidi huzuia joto lisitoroke, jinsi mabadiliko ya mzingo wa dunia yalivyoendesha zama za barafu, au jinsi tabaka la ozoni lilivyoharibiwa na kemikali za majokofu hadi Itifaki ya Montreal ya kuzidhibiti ikatiwa saini mwaka 1987. Maelezo ya namna hiyo hayajachakaa tangu mwaka 2002, na mengine yameandikwa kwa utulivu ambao siku hizi ni nadra kuupata.

Isitoshe, mabadiliko ya mazingira ya dunia ni mapana kuliko tabianchi. Juzuu 5 hizo zinagusa fizikia na kemia ya dunia, ikolojia, visababishi na matokeo, hatua za kukabiliana, na upande wa jamii na uchumi. Mtu akitaka kuona jinsi nitrojeni ya mbolea, upotevu wa misitu na joto vinavyohusiana, hatapata picha hiyo kwa urahisi katika ripoti za tabianchi pekee.

Ushauri wangu ni kwamba uipokee kama zawadi, lakini usiitumie kama sababu ya kutonunua au kutopakua kingine. Kwa viumbe hai, weka karibu nayo tathmini ya dunia ya mwaka 2019 ya IPBES, jukwaa la kiserikali la bioanuwai lililoundwa mwaka 2012, ambayo ndiyo iliyokadiria kwamba spishi zipatazo milioni 1 zinakabiliwa na hatari ya kutoweka. Kwa mazingira kwa ujumla, toleo la sita la tathmini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo pia ni la mwaka 2019, litawafaa.

Mwalimu wa Ramani

Mzee wetu, nakuheshimu, lakini sioni busara kuiweka ensaiklopidia hiyo kwenye rafu ya wazi. Mwanafunzi mwenye haraka hasomi ukurasa unaoonyesha mwaka wa uchapishaji. Atafungua makala ya sera na kusoma habari za Itifaki ya Kyoto, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza gesijoto, kana kwamba haijaanza kutumika, ilhali ilianza Februari 2005, wala hatakuta neno lolote kuhusu Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 wa kudhibiti ongezeko la joto la dunia. Akitafuta joto la dunia lingepanda kwa kiasi gani iwapo kabonidioksaidi angani ingeongezeka maradufu, atapata makadirio ya wakati ule, nyuzi 1.5 hadi 4.5 za Selsiasi, wakati ripoti ya mwaka 2021 imeyabana kuwa nyuzi 2.5 hadi 4, na kadirio la kati likiwa nyuzi 3. Namba ya zamani haikuwa ya uongo, lakini anayeinukuu leo anawanyima wasomaji wake kazi ya miaka 20.

Mimi ningeziweka juzuu za fizikia, kemia na ikolojia pamoja na ripoti, na zile za sera, jamii na uchumi ningezihifadhi ghalani ziombwe na wanaochunguza historia ya fikra hizo.

Mzee wa Faharasa

Mwalimu, kuhusu makala za sera nakubaliana nawe. Kuzitenganisha juzuu za kazi moja ndiko kunakonitatiza, kwa kuwa faharasa yake inazielekeza zote kwa pamoja, na anayefuata rejeo kutoka juzuu ya kwanza hadi ya tano atakuta pengo. Afadhali zikae pamoja, na kila jalada libandikwe karatasi inayotaja mwaka 2002 kwa herufi kubwa na kumwelekeza msomaji kwenye ripoti mpya kwa namba zote na mikataba yote.

Mkutubi wa Zamu

Nawashukuru sana. Nitalichukua pendekezo la karatasi. Limebaki swali la wale wanaotaka namba ya mwaka uliopita: ripoti ya IPCC hutoka baada ya miaka kadhaa, nao hawawezi kusubiri.

Mpima Mvua

Hao uwapeleke kwenye ripoti ya kila mwaka ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuhusu hali ya tabianchi. Kumbuka kwamba kikundi cha kwanza katika ripoti ya sita kilifunga mlango wa tafiti mpya mwishoni mwa Januari 2021, hivyo chochote kilichotokea baada ya hapo hakimo. Ripoti ya shirika hilo kwa mwaka 2024 ilionyesha kwamba wastani wa joto la dunia ulikuwa takriban nyuzi 1.55 juu ya ule wa 1850 hadi 1900, na ikafafanua kwamba mwaka mmoja kuvuka nyuzi 1.5 hakumaanishi kuwa lengo la Mkataba wa Paris la kujitahidi kutovuka kiwango hicho limeshindikana, kwa kuwa lengo hilo hupimwa kwa wastani wa miaka mingi. Ufafanuzi huo uunakili pamoja na namba, maana namba ikitembea peke yake huzua kelele zisizo na msingi.

Kwa kabonidioksaidi yenyewe, kuna vipimo vya kituo cha Mauna Loa, Hawaii, vilivyoanza mwaka 1958 vikiwa karibu sehemu 315 kwa kila sehemu milioni za hewa, na sasa vimepita 420. Hiyo ni data inayoongezwa kila mara, kwa hiyo usichapishe jedwali na kulibandika ukutani. Weka anwani ya ukurasa wa kituo, na umtake kila msomaji aandike tarehe aliyoisoma namba hiyo.